Dada Milembe na Safari Yangu ya Suriname

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Zamu ya asubuhi. Watoto wanne wamezaliwa, wote wazima. Baada ya kazi nikapigwa sindano ya homa ya manjano. Mkono umevimba. Pasi ninayo. Tiketi ninayo, wenzake rafiki yangu Hermina kanisani kwao wamenilipia. Likizo nimekubaliwa. Imebaki gauni la safari, na kuvumilia watu.

Kila mtu anauliza yale yale. Huko Suriname kuna joto? Lipo. Mihogo? Wanakula. Maembe? Tele. Basi unafuata nini ng'ambo yote hiyo ya bahari? Leo hata metroni kauliza. Namfuata Hermina. Tuliuguza wakoma pamoja miaka mingi, chumba kimoja, sufuria moja. Aliporudi kwao nilimwahidi nitakwenda. Sasa macho yake yanafifia. Anataka anione kabla hayajazima kabisa. Hiyo haiwatoshi?

Jumatano, 4 Septemba
Nimerudi kazini, namkuta Dada Milembe barazani. Mkeka, kuku wawili, gunia la michembe, viazi vyetu vya kukausha. Katoka kwetu Puge kwa basi bila taarifa. Nikamwamkia. "Marahaba. Nasikia unahama nchi."

Nikasema ni likizo. Akasema likizo watu wanakwenda kwao.

Kisha akatoa aliloleta. Puge wote wanahamishiwa kijiji kipya, huko barabarani. Mama amegoma. Kashika mwimo wa mlango, hali, halali, anasema atakufa palepale alipozikwa Baba. Nikasema Jumamosi nakwenda kumwona. Akaruka. Nisiende sasa, hasira za Mama zipoe kwanza. La kufanya ni moja, nivunje safari.

Sikula.

Ijumaa, 6 Septemba
Milembe amechukua kitanda changu. Mimi niko mkekani. Naondoka kwenda kazini, amelala. Narudi, anaoga. Anaoga mara mbili kwa siku, anasifu maji ya bomba kama asali. Redio haizimwi.

Na maswali. Ndege ikichoka inatua wapi? Huko watu wanazikana? Wakati huohuo kawaeleza majirani wote habari za Mama. Leo mama wa nyumba ya pili hakuniitikia hodi. Nimekuwa mtoto mbaya wa mtaa huu.

Jumapili, 8 Septemba
Kanisani. Mzee mmoja wa kanisa kanivuta kando. "Mama kwanza, dada. Suriname haikimbii." Hata wimbo wa mwisho sikuimba. Suriname haikimbii, macho ya Hermina je? Milembe alikaa benchi la mbele, na kanga yangu mpya.

Jumanne, 10 Septemba
Dukani kwa Bwana Hirji kutafuta kitambaa. Vitambaa vyenyewe haba. Nilitaka cha buluu. Milembe kasema buluu inanizeesha, Bwana Hirji kamuunga mkono, nimetoka na maua mekundu ambayo siyapendi.

Nyumbani nikafungua sanduku langu la safari. Magauni yametolewa. Ndani michembe, karanga, na mizizi ya dawa ya tumbo. "Ya Hermina wako, usiende mikono mitupu." Si ananikataza kwenda? Nikapiga kelele. Naye akapiga. Mwisho akalia. "Ukifa huko, Kalunde, nani ataturudishia hata nguo zako?"

Nimemwandikia Hermina maneno ya simu ya maandishi, ya kupeleka posta. SIJI. MAMA. NISAMEHE. Nachukia kila neno.

Alhamisi, 12 Septemba
Leo sina zamu. Sikumuaga Milembe. Kabla sijapeleka simu lazima nimwone Mama kwa macho yangu. Basi la kwanza la Nzega, nikashuka Puge.

Nyumba yetu haina paa. Mlango hakuna. Nilikimbia hadi kijiji kipya kama mwendawazimu, namuulizia kila niliyemkuta.

Mama yuko nje ya kibanda kipya cha nyasi, anamenya karanga na wanawake wawili. Wanacheka.

"Mama, wamekuleta kwa nguvu?"

"Nani? Mimi nilipanda lori la kwanza. Nipate kiwanja karibu na bomba."

Amehama kabla Milembe hajaja kwangu. Analilia shamba la zamani, liko mbali sasa, na kaburi la Baba limebaki peke yake. Hilo alilisema kwa sauti ya chini, na mikono ikasimama. Lakini kugoma hakugoma. Kula anakula. Milembe alimuaga kwamba anakuja kunisaidia kufunga mizigo.

"Na wewe mbona hujaenda bado?" Mama akaniuliza.

Nikarudi na basi la jioni, hasira zimenijaa.

Ijumaa, 13 Septemba
Nilimwacha alale jana. Sikujiamini. Leo baada ya zamu nikamwambia nimetoka Puge.

Hakukana. Alikunja kanga magotini.

"Mama kahama. Ndiyo."

"Kwa nini basi? Mtaa mzima unanitazama kama mchawi!"

"Wewe umeomba likizo, umepewa. Mimi tangu niolewe nalima, natwanga, nauguza. Tumehamishwa, nikabeba, nikajenga. Mkulima anaombaga likizo kwa nani? Nikaja nilale siku mbili. Nikaona tamu. Ukisafiri utafunga nyumba, nitafikia wapi? Nikasema usiende."

"Si ungeniomba?"

"Mtu anaombaje kulala, Kalunde?"

Viganja vyake vimepasuka. Mimi muuguzi, nimekaa naye siku zote hizi sijaviangalia.

Bado nimekasirika. Amenidanganya kwa jina la Mama, amenichafua kwa watu. Nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia aende mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akawaeleze ukweli. Kaenda. Nilimsikia akibisha hodi kwa jirani. Nimechana maneno ya simu. Mafuta ya mgando nimempa apake mikononi.

Jumatatu, 23 Septemba
Niko stesheni. Treni ya Dar es Salaam haijafika.

Milembe anabaki kwangu mpaka mvua zikaribie. Mama ameafiki, wake za kaka zetu wako naye. Nimeweka unga, mkaa, na chupa nyingine ya mafuta. Jirani atamtazama.

Milembe alisema atanisindikiza. Mchana akajinyoosha kidogo. Saa ya kutoka ilipofika alikuwa amelala fofofo, kalala chali, mikono wazi. Nilimwita mara moja, kwa sauti ndogo. Nikaona basi, mwache alale. Nikanyanyua sanduku mwenyewe, nikarudishia mlango.

Jua limeshuka. Watu wametandika kanga chini, wanakula. Sijui Suriname ina sura gani. Nitaiona.