Shule Inaita Zahanati

Jumamosi, 2 Machi

Nimechaguliwa! Mimi, karani wa shule, mwandishi wa barua za kuwaita wazazi, sasa nakaa kwenye redio ya kamati ya maafa ya mtaa. Shule iko kwenye mwinuko, ndiyo sababu. Mto ukifurika watu watakimbilia kwetu.

Mwalimu wetu wa redio ni mstaafu wa simu za reli. Tayari tunamwita Mzee Ova, maana hata akiomba chai anamaliza na "ova", neno la redioni la kumwachia mwenzako zamu ya kusema. Vituo ni vitatu: Shule, Ghala, Zahanati. Hewani huna jina, kituo chako ndicho wewe. Nikauliza Zahanati atakaa nani. Nesi mkuu, akasema, yule mama mkali.

Dada yangu.

Jumatano, 6 Machi

Miaka miwili hatusemezani. Siku mama alipozidiwa, dada alinipigia mara saba. Simu nilikuwa nimeizima kwa ajili ya mitihani. Msibani akanisema mbele ya watu wote, nami nikamjibu maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika hapa. Tukikutana sokoni, kila mmoja anainamia nyanya zake.

Nimemwambia mume wangu nataka kujitoa kwenye kamati. Alikuwa anapiga pasi, hata kichwa hakuinua. Maji yakija, kasema, utayaambia yasubiri mpatane kwanza? Ana maneno mwanamume huyu!

Jumamosi, 9 Machi

Zoezi la kwanza. Nikaongea sentensi nzima bila kubonyeza kitufe. Mzee Ova kanibonyezea mwenyewe.

"Shule inaita Zahanati. Unanipata? Ova."

Halafu sauti yake—kavu kama ya mama akiwa na haraka. "Zahanati anakupata vizuri. Ova."

Vizuri! Najua, imeandikwa hivyo kwenye karatasi ya mafunzo. Lakini aliyesema ni yeye. Nimerudi nyumbani nikiimba, mume wangu kauliza nimeshinda nini.

Jumanne, 12 Machi

Mvua siku nzima. Zoezi dakika kumi tu. Dada: "Shule, punguza kasi, unaongea kama unafukuzwa. Ova." Hiyo haikuwa kwenye karatasi.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika jioni, ofisini, miguu imevimba. Lazima niandike leo, kesho nitadhani niliota.

Saa nne asubuhi mto ulivunja ukingo. Simu zikakatika zote, hata za vigogo! Zikabaki redio tatu. Watu wakaanza kupanda na magodoro kichwani, bibi mmoja na cherehani yake, kagoma kuitua mpaka nimwonyeshe pakavu. Darasa la kwanza likajaa, la pili likajaa. Kila robo saa naita vituo.

Saa tano na robo dada akajibu: maji yameingia wodini, ana wagonjwa tisa, anawatoa kuelekea Ghala. Saa tano na nusu naita—kimya. Dakika kumi na tano nyingine. Kimya. Saa sita kamili. "Shule inaita Zahanati. Unanipata?" Mvumo mtupu.

Nikasimama. Nilishavaa mabuti. Mzee Ova kasimama mlangoni, hakunishika, kaniambia tu: ukiondoka, akiita atajibiwa na nani?

Nikakaa. Sijawahi kukaa kwa shida namna ile. Nimeita tena, na tena, sikungoja robo saa, kanuni zote nimezitupa. Mwisho nikabonyeza nikasema, "Dada, niko hapa. Nimewasha. Sizimi." Chumba kizima kilisikia, na kisikie.

Saa sita na dakika ishirini redio ikakohoa.

"Huyu ni Zahanati, yuko Ghala. Betri yangu ilikufa njiani. Wagonjwa tisa nimewatoa." Anahema. "Wamefika kumi. Mmoja kazaliwa juu ya mkokoteni, wa kike. Mama yake mzima. Ova."

Mzee Ova ndiye aliyepiga kelele, "Umepatikana! Umepatikana!"—akasahau hata ova yake! Watu wamepiga makofi mpaka darasa la pili. Mimi nimelia nikiwa nimebonyeza kitufe, kwa hiyo vituo vyote vimenisikia nikipenga kamasi.

Halafu yeye: "Shule, achia kitufe, wengine wanataka kuongea."

Nikacheka. Mungu wangu, nilivyocheka.

Ijumaa, 15 Machi

Maji yamepungua, yamefika magotini. Mtaani hakuna aliyekufa, tumehesabu mara tatu. Kuku wengi, kuta nyingi, watu hakuna.

Dada ameingia hapa saa tatu asubuhi, tope mpaka kiunoni, kuwakagua wagonjwa waliohamishiwa darasani kutoka Ghala. Amemaliza kila mmoja. Kaja ofisini, kaniangalia, kasema, "Umekonda." Nikasema, "Na wewe." Ya mama hatujayagusa. Nilimwekea chai, nilipogeuka kuchukua sukari alikuwa ameshalala, kichwa mezani juu ya daftari la mahudhurio, mdomo wazi.

Sasa Mzee Ova, aliyeshuka Ghala asubuhi, anaita kutoka huko. Anamtaka nesi mkuu aje haraka kikaoni, wageni wa serikali wamefika, wanauliza maswali.

Nimejibu kwa sauti ya chini: Zahanati yuko kwangu, salama, asubiriwe.

Anauliza mpaka saa ngapi.

Anauliza tena. Nimepunguza sauti ya redio, nimevuta pazia jua lisimpige dada usoni.