Nipo, Upo: Siku Yangu ya Kwanza Juu ya Bati

Jumatano, Gongoni. Joto la leo ni lile la kuelekea mvua, mbingu nyeupe, hakuna upepo hata wa kutikisa kanga kwenye kamba. Chakula kimenishinda. Naandika nikiwa bado na vumbi la Kigwa miguuni.

Leo, huko Kigwa, nimepanda bati la nyumba kwa mara ya kwanza tangu niache kuuza mkaa nikajifunze ufundi wa sola. Nimeshuka bila kufunga hata paneli moja.

Niandike vizuri, maana baadaye nitajidanganya. Baba alikuwa mchoma mkaa, porini huko huko Kigwa. Tanuri likiwaka hutoboka, na lazima mtu apande juu yake kuziba matundu kwa udongo. Moshi ukiwa mzito, aliye chini hamwoni aliye juu. Kwa hiyo kwetu tulikuwa na utaratibu: aliye juu anaita, "Nipo!" na aliye chini anaitikia, "Upo!" Baba aliita, mama aliitikia, ndiyo ilikuwa kazi yao. Siku ile baba aliita, mama akaitikia, kisha tanuri likatitia naye. Nilikuwepo. Sitaandika zaidi.

Tukahamia mjini, hapa Gongoni. Mama hajalitamka neno lile tena, na mimi nikauza mkaa wa watu wengine miaka yote hiyo, maana tumbo halina likizo. Sola niliichagua kwa sababu haina moshi. Nani alijua kwamba bati la saa saba mchana linachoma nyayo sawasawa na mgongo wa tanuri?

Nilifika katikati ya paa la mwalimu mmoja mstaafu, miguu ikagoma. Fundi Masanja, aliyenichukua kwa majaribio, alikuwa chini ameshika ngazi. Alianza kwa utani, eti Kalunde unasubiri treni huko juu, halafu utani ukamwisha. Nami, haki ya Mungu sijui kwa nini, nikanong'ona, "Nipo."

Nikaitikiwa.

Sauti ya mwanamume, chini ya bati, karibu na kisigino changu. "Upo."

Nilijiburuta kwa makalio hadi kwenye ngazi, nikashuka. Masanja anasema hakufungua mdomo, na nyumba ilikuwa imefungwa. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Alisema kesho nikishindwa tena atanipeleka dukani nikauze balbu, maana fundi asiyepanda si fundi. Kweli tupu. Lakini balbu, jamani! Nimeacha kupima mkaa kwa kopo ili nirudi kukaa nyuma ya meza?

Jioni nilimweleza mama yote, hadi ile sauti. Nilidhani atalia, au atasema twende tukaombewe. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kaitikia yeye?"

"Ndiyo, mama."

Ugali ukaanza kuungua, hakuugusa. Kisha akasema kwa sauti kavu, kama anayemsema mtu aliyekuwa mle jikoni pamoja nasi:

"Baba yako ni wa kuita. Wa kuitikia ni mimi."

Ameenda kulala mapema. Viatu vyake vya kanisani ameviweka mlangoni. Kesho anakuja nami Kigwa kusimama chini ya ngazi, Masanja atake asitake. Hajakanyaga huko tangu mazishi.

Nitapanda, na nitaita. Naogopa, sifichi. Nikishaita, nani kati yao ataniitikia kwanza?