Kifuniko ya Lotoko

Neema, rafiki yangu,

Leo asubuhi nimetoboa pipa ya mama na shoka. Ile pipa ya kupikia lotoko, pombe yake kali, ndiyo. Mama amelia, amenitukana mbele ya majirani wote wa Bigo, ati nimeua chakula ya nyumba. Haiko uongo, pombe yake ndiyo ilitulisha tangu baba alipokufa. Ilikulisha na weye pia, tangu mulipofika kwetu toka Djugu, weye na mudogo wako Aline.

Unakumbuka vile tulianza? Masasi za bunduki zililia, tukaingia chini ya kitanda, weye na miaka kumi na tano, miye kumi na sita. Mama mwenyewe alitupimia lotoko mu kifuniko ya chupa. "Kunyweni kamoja tu, woga itoke." Hakuwa mubaya, mama. Wazazi wengi walifanya vile, hata watoto wadogo walipakwa ku ulimi ili wasilie, watu wa bunduki wasisikie.

Na woga ilitoka kweli, ee! Tulicheka mpaka ukajikojolea. Kisha kifuniko ikawa kopo, na hatukungojea tena masasi. Tukavuta bangi nyuma ya nyumba ya masomo, pamoja na wale kadogo, watoto kama siye wenye kubeba bunduki. Uliuza viatu yako ya masomo. Na miye nikakusifu: "Neema haogopi kitu!" Mungu anisamehe ile neno.

Siku watu walikimbia njia ya Irumu, nilikuvuta mukono. Ulikuwa umekaa ku mulango, umelewa, unacheka. "Enda weye. Miye siogopi." Miye sikuwa nimekunywa, sababu malaria ilinikamata. Ni hiyo tu, Neema, sikukuzidi akili. Nilitetemeka, nikakuacha, nikakimbia na Aline ku mugongo. Tuliporudi, tulikukuta palepale ku mulango, tukakuzika.

Nimeacha pombe. Siku za kwanza nilitapika, nilitukana kila mutu. Masomo imefunguliwa tena, ninakaa peke yangu ku benchi yetu.

Jana masasi zililia upande wa Saio. Aline akanyoosha mukono, akachukua kifuniko mwenyewe. "Dada, kamoja tu, woga itoke." Ilikuwa sauti yako kabisa! Nikaipiga ikaanguka. Ndiyo sababu ya shoka.

Mama atanuna, najua. Kesho nitaenda naye soko, tutauza mihogo, na kama njaa itatupiga, itupige. Pipa ingine haitaingia hapa ndani.

Lala, rafiki yangu. Nimekukosa sana. Nakuahidi hii: masasi zikilia tena, nitashika mukono ya mudogo wako. Atetemeke, alie, ajikojolee kama weye. Woga yake ibaki yote mu miguu. Kisha tutakimbia, siye wawili.

Wako,
Furaha