Keraryo Mniko, Njia Zako za Butiama Bado Zinapitika

Mwaka umetimia, Keraryo, tangu asubuhi ile ya tarehe 17 Mei ulipotutoka, figo zikiwa zimekataa kazi na mkono wako ukiwa ndani ya mkono wa mkeo Marieta. Tulikupumzisha nyumbani Butiama, chini ya kilima ulichokizunguka kwa baiskeli miaka yote.

Ujanani ulibeba samaki. Alfajiri ulitoka Mugango na tenga la sato nyuma ya baiskeli, ukapanda mpaka Butiama, siku nyingine ukafika Bunda. Ulipita njia za ng'ombe kwa sababu ni za mkato, na samaki hawangojei mtu. Baadaye ukafungua kibanda cha ufundi Nyasho, na vijana wakaanza kukuletea baiskeli zenye gia nyingi na matairi mapana, wakikuuliza milima iko wapi. Hapo ndipo ulipomwambia Marieta kwamba mnarudi nyumbani.

"Watu wanakuja Butiama kuona makumbusho, wanakaa saa mbili wanaondoka," ulimwambia. "Butiama yenyewe hawajaiona."

Ukachora njia tatu za wageni wa baiskeli za kukodi na kuziwekea mawe ya chokaa. Ya fupi inazunguka kilima. Ya kati inashuka upande wa Bunda, inakata korongo na kurudi juu. Ya ndefu inakwenda mpaka ziwani, kule kule ulikokuwa ukichukua samaki. Hukumruhusu mtu aondoke kabla hujaminya matairi yake kwa kidole gumba. Ukikutana na mama ana mzigo kichwani, ulishuka ukasimama pembeni mpaka apite, hata kama ulikuwa kwenye mteremko mzuri wa kufurahia. Chai uliinywa ikiwa imeshapoa. Tena ulikuwa mbishi, tuseme ukweli siku ya leo. Daktari alikukataza kupanda mlima, wewe ukamwambia kwamba unashuka tu.

Ulipoondoka, Marieta alibaki na baiskeli saba na njia tatu. Baiskeli alizijua, maana kuziba pancha na kukaza breki ulimfundisha mwenyewe. Njia hakuzijua. Binti yenu Boke aliijua ile fupi, na ya kati aliwahi kuipita nawe mara mbili tu. Mdogo wako Bernado alikuja kutoka Nyasho baada ya arobaini, akakaa na shemeji yake uani, akamweleza kwa upole kwamba afadhali baiskeli ziuzwe. Kaka aliijua milima, alisema, na kaka hayupo. Siku mgeni akipotea huko, jina lako ndilo litakalosemwa vibaya.

Marieta hakuziuza baiskeli, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Kila mgeni aliyetoka, alihesabu saa mpaka arudi. Usingizi ulimpungua, na hakumwambia mtu.

Sasa tukusimulie ya mwezi wa nne.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni wengi. Mwalimu mmoja kijana anayefundisha Bunda, Hilda, alikuja saa mbili asubuhi akataka njia ya kati. Alikuwa peke yake. Marieta alitazama mawingu upande wa ziwa, akamshauri achukue ya fupi. Hilda akasema ya fupi ameshaipita, na kwamba saa sita atakuwa amerudi. Marieta akaminya matairi kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akamkaza kofia chini ya kidevu, akamwacha aende.

Saa tano mvua ikashuka, ile ya kufunika mlima usionekane. Saa sita ikapita. Saa saba mvua ikakatika, na Hilda hajaonekana. Simu yake ikawa haipatikani. Marieta alisimama mlangoni na kitambaa cha grisi mkononi, akawaza mawe ya chokaa ambayo tangu ufe hakuna aliyeyapaka upya. Nusu yake yalikuwa yamefifia. Yeye alijua, na bado alimwacha binti wa watu aende.

Akampigia Bernado. Hakutegemea kingine isipokuwa lawama, lakini Bernado aliuliza tu ni njia ipi, akafika na gari la rafiki yake kabla ya saa tisa. Wakaacha gari pale barabara inapokufa, wakaanza kushuka kwa miguu, Boke akiwatangulia na baiskeli yako. Tope lilikuwa la kushika kiatu. Kwa muda mrefu waliuona mchirizi wa tairi la Hilda, na Marieta akaufuata kama mtu anayeshika kamba.

Mchirizi ule uliishia korongoni.

Baiskeli ilikuwa imelala ukingoni, tairi la mbele limepinda. Chini yake korongo lililokuwa kavu wiki nzima lilikuwa limejaa, maji ya rangi ya matofali, yanabeba matawi. Mtu hakuwepo. Boke aliita jina la Hilda, akaita tena, na maji yakamzidi sauti. Bernado alivua kofia yake. Marieta alipoona mkono wa shemeji yake unaivua ile kofia, alikaa kwenye tope.

Baadaye ametueleza alichokiwaza pale. Hakuwaza jina lako wala baiskeli. Alimwaza mama yake Hilda, mahali fulani, anapika chakula cha jioni bila kujua. Na alikukasirikia, Keraryo. Alikuuliza kwa nini uliondoka na milima yote kichwani, ukamwachia yeye mawe.

Boke ndiye aliyeziona nyayo. Alikuwa ameinama kuinyanyua baiskeli, akaona pembeni, kwenye majani yaliyolala, alama ya kiatu kimoja cha Hilda, na kando yake mguu peku, mpana, wa mtu mwingine. Kiatu na mguu peku, kiatu na mguu peku, zinapanda kurudi juu. Hazikuelekea majini.

"Mama, ameshikiliwa," Boke alisema. "Kuna mtu amempandisha."

Marieta hakumbuki alivyoinuka. Anakumbuka alikuwa mbele yao wote, anapanda kwa mikono na miguu, mpaka wakatokea kwenye mji wa nyumba mbili na zizi, moshi ukitoka jikoni. Na ndani ya jiko lile, kwenye kigoda, alikaa Hilda, amejifunga kitenge kisicho chake, mguu mmoja ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, bakuli la mtindi mkononi. Alipomwona Marieta akaanza kuomba msamaha. Marieta alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakishika tu.

Mwenye mji alikuwa mama mmoja wa makamo, mwembamba, aitwaye Wegesa. Hakushangaa kuwaona. Alisema walikuwa wamechelewa, akawasogezea viti.

Kisha akaeleza. Mvua ilipoanza alitoka kwenda kulisimamia korongo, kama afanyavyo kila mvua ikija siku ya Jumamosi. Akamkuta Hilda amesimama ukingoni, maji yakiwa bado ya magotini, anajiandaa kuvuka na baiskeli begani. Wegesa akamkataza. Hilda akabisha, akasema maji ni kidogo na saa zimekwenda. Wegesa akaishika baiskeli. Wakavutana, baiskeli ikateleza ikagonga jiwe, Hilda akaanguka akateguka mguu. Walipokuwa bado wanagombana, maji ya juu yakafika kwa mkupuo, na pale Hilda alipotaka kukanyaga pakawa hapaonekani tena.

"Nilimchukia huyu mama kama dakika tano," Hilda alisema.

Marieta akauliza nani alimtuma Wegesa kusimamia korongo. Mama yule alimtazama kama anayeulizwa jambo la wazi.

"Fundi," alisema. "Alikuwaga anapita hapa kila mwezi, anakunywa uji, anamsalimia mzee wangu. Aliniambia, mama, mvua ikinyesha mwenye baiskeli asivuke, hata akikwambia ana haraka. Nikamwahidi. Siku hizi hapitagi. Mumpe salamu, mmwambie uji upo."

Bernado alitazama chini. Ikambidi Marieta aseme, na akasema taratibu, kwamba yeye ni mkewe, na fundi amefariki, mwezi ujao unatimia mwaka.

Wegesa alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi ahadi ni ile ile," alisema. "Yeye kufa hakujalikausha korongo."

Bernado aliibeba ile baiskeli iliyopinda begani mpaka kwenye gari, mlima wote, akakataa kupokewa. Hilda alifikishwa kwao Bunda jua likiwa bado lipo, na mama yake alikuwa hajaanza hata kuwa na wasiwasi.

Wiki iliyofuata Boke alizipita njia zote tatu, Bernado akiwa naye na ndoo ya chokaa. Walisimama kila mji, na kila mji ulikuwa na neno lako. Kwa mzee Boniphace ulikuwa umeomba mbwa wafungwe Jumamosi asubuhi. Kwa Ursula, juu ya mteremko mrefu, kulikuwa na kamba na pampu, zimetundikwa ukutani, na Ursula alikuwa akiipaka pampu mafuta kila mwezi. Kule karibu na ziwa mvuvi mmoja aliwaambia kwamba ulimfundisha kuunga mnyororo uliokatika, ukamjaribu mara tatu kabla ya kumwamini. Miji kumi na moja, Keraryo. Marieta alizoea kukulaumu kwamba saa mbili za njia unazimaliza kwa saa tano. Sasa amejua ulikuwa wapi, na anakuomba radhi kwa zile chai alizozimwaga zilipopoa akikungoja.

Tangu siku hiyo mkeo analala. Tunakuandikia hili hasa, kwa sababu tunajua ndilo ungeliuliza kwanza. Bernado hazungumzii tena kuuza. Anakuja kila mwisho wa wiki, anapita miji yote kumi na moja, na analalamika kwamba uji ni mwingi. Hilda amerudi mara mbili. Masika yamekwisha, na kila aliyetoka kwenye mlango wako amerudi.

Ibada ya kukuombea itafanyika nyumbani Butiama Jumapili hii baada ya misa ya kwanza.

Unakumbukwa na mkeo Marieta. Binti yako Boke. Mdogo wako Bernado na mkewe Eunice. Dada yako Robi wa Guta. Wanao wa ufundi Gody na Jenipher wa Nyasho. Na Wegesa, ambaye alipoulizwa tumwandike kama jirani au rafiki, alisema aandikwe katika ndugu.

Pumzika kwa amani, Keraryo. Maadamu tupo, hutasahaulika.