Upande wa Ndani wa Tairi

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu pamoja na dua. U hali gani huko ugenini? Kile kikohozi ulichokilalamikia kimekwisha, au bado unakunywa maji baridi kama mtu asiye na dada wa kumkemea? Na kazi inakwendaje? Nakuombea kila ninapopiga magoti, ingawa magoti yenyewe siku hizi huanza kulia kabla sijasema neno. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila masikio yake yamechagua kusikia yanayoyapenda tu.

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Ukipiga, unapiga kwa shemeji yako, naye huweka sauti kubwa ili nyumba nzima isikie, na wapita njia wakipenda. Haya ninayokuandikia hayataki sauti kubwa. Nimempa muuguzi jirani yetu anayesafiri kuja huko. Bahasha nimeifunga kwa gundi, juu yake nikaweka utepe. Ukikuta utepe umebanduliwa, niambie.

Sasa habari ni za gari lako.

Ulipoondoka ulituachia lile gari jekundu la mbio, ukaomba liwe linawashwa na kuzungushwa kidogo hapa mtaani ili betri isife. Shemeji yako amelitunza kama mke mdogo, na mke mkubwa nimekaa nikitazama. Analiosha, analifunika turubai, na matairi anayapaka dawa nyeusi ya viatu mpaka yanang'aa. Watu wakipita wanasema gari jipya. Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Jumanne nilidondosha kitunguu, kikabingirika hadi chini ya gari. Nikainama, nikapeleka mkono kupapasa nyuma ya gurudumu la mbele. Kitu kikanichoma kidole, damu ikatoka. Nikadhani ni msumari wa jirani yetu seremala. Nikaleta tochi, nikalala kifudifudi pale sakafuni na khanga yangu safi. Mdogo wangu, ulikuwa waya wa tairi lenyewe. Kwa nje tairi lina meno yake mazima. Kwa ndani limeliwa, limekuwa kipara, mpira umeisha na nyaya zimechomoza. Nikazunguka upande wa pili, nikakuta lile nalo vile vile.

Shetani hakuchelewa kuninong'oneza. Gari la kuzungushwa mtaani litamalizaje matairi? Nikaanza kumpekua shemeji yako moyoni. Kwa nini huogea sabuni ya wageni siku ninazokwenda kwaya? Nikamuuliza kwa upole, ule upole wangu unaoujua, gari hili huenda wapi mimi nikiwa ibadani. Akasema haliendi popote, kisha akakohoa. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi: akikohoa baada ya jibu, jibu hilo lina mwenzake nyuma ya mlango.

Mwenzake alijitokeza kesho yake, shemeji yako alipokiri. Ni Kobe, rafiki yako yule aliyelishusha springi kabla hujasafiri ili likae chini kama paka anayenyatia. Kumbe kila nikienda kwaya Kobe huja kulichukua, na shemeji yako humpa funguo, maana Kobe alimwambia wewe umeruhusu kwa simu. Sijui nani alimpa jina la Kobe, kwani breki huyu huzijua kwa kusimuliwa. Shemeji yako anasema alinyamaza kwa kuogopa maneno yangu. Maneno ameyapata yote, pamoja na yale aliyokuwa amewekewa akiba.

Yangekuwa hayo tu, ningemwachia Mungu. Lakini ulimwahidi Kidoti, binti wa kaka yetu, kwamba siku ya harusi yake atapanda gari lako. Harusi imekaribia, mvua zimeanza, na Kobe amejiteua kuwa dereva. Nilipomwambia Kidoti atafute gari lingine, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala.

"Shangazi, ni kwa sababu binti yako aliolewa kwa pikapu?"

Mama yake Kidoti alikuwa anapima kitambaa pembeni, hakuinua macho. Asiyeinua macho ameunga mkono.

Sikutaka kubishana kwa maneno matupu. Nikamwita fundi wa alaimenti, yule anayenyoosha magurudumu, aje aone. Naye nilimshuku kwanza, maana fundi ukimwita haondoki bila kukuachia ugonjwa. Lakini huyu hakuomba kufungua hata nati moja. Alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akafumba jicho moja, akaniita nichungulie. Magurudumu ya mbele hayatazami mbele. Moja linakwenda kulia, jingine linakwenda kushoto, kama miguu ya bata, na juu yameinamiana kama wazee wanaosengenya. Akanieleza kwamba gari likishushwa springi, magurudumu hubadili mkao, na ni lazima yapimwe na kunyooshwa upya. Hili halikupimwa. Linapokwenda, tairi linajiburuta na kujisugua kwa ndani, kwa hiyo hata safari fupi hulila, sembuse mbio za Kobe. Tairi kama hilo, kwa mwendo mkali na maji barabarani, hupasuka bila kuaga.

Jana alasiri Kobe akaja, eti gari likajaribiwe mapambo. Nikampokea vizuri, nikampa kiti. Nikamwambia matairi yananitia wasiwasi. Akacheka, akalipiga teke moja kwa nje.

"Dada, hayo mapya hayo. Ona meno."

"Meno nimeyaona," nikamjibu. "Tia mkono kwa ndani, upapase."

Hakutia. Asiyejua angeingiza mkono akachomwa kama nilivyochomwa mimi. Huyu aliurudisha mfukoni, na kicheko kikamwishia mdomoni. Shemeji yako alikuwa mlangoni na kopo lake la dawa ya viatu, akayaona yote. Nikamuuliza Kobe kama alipolishusha springi alilipeleka kupimwa. Msumeno wa seremala ukasimama, bila shaka naye alikuwa anasikiliza.

"Dada," akasema, "muulize mwenye gari."

Akaondoka kwa miguu.

Tangu hapo sina raha. Nimemshuku mume wangu, nimemshuku Kobe, nimemshuku fundi wa watu asiye na kosa, na sasa amebaki mmoja, naye ndiye anayesoma barua hii. Sitakuficha. Nakumbuka wiki ile ya kuondoka ulivyokuwa na haraka, unataka upigwe picha na gari likiwa limeinama. Inawezekana ulimwambia Kobe aache kupima, mtapima ukirudi. Inawezekana pia Kobe ameona ukuta wa kuegemea, kwa kuwa mwenye kosa humtupia aliye mbali. Ungekuwa hapa ningekutazama usoni nikajua. Tangu utotoni ukidanganya hushika kola, na karatasi haina kola.

Funguo ninazo mimi, na zilipo sitamwambia mtu, hata wewe. Wakija na kaka mbele, watanikuta nimekaa. Lakini Kidoti analia, anasema shangazi kamharibia siku yake, na nikisema mimi inakuwa wivu. Neno hili litoke kwako. Mpigie yeye mwenyewe, usipitie kwa shemeji yako, umwambie gari halitambeba. Kama ulijua, mwambie ulijua. Atakununia kidogo, kisha ataolewa, na bibi harusi hana muda mrefu wa kununa. Mimi niko tayari kuitwa mwenye wivu mpaka siku yangu ya mwisho, mradi mtoto wa kaka yangu afike kanisani na miguu yake miwili.

Mama anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Shemeji yako anakusalimu kwa sauti ndogo. Kaka anakusalimu pia, nadhani, maana tangu Ijumaa anapita mbali na mlango wangu. Wanakwaya wote wanakutaja katika sala zao. Mungu akufunike kwa mkono wake, akuepushe na ajali za barabara na za ulimi, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Swali langu ni moja tu: ulijua gari halikupimwa, au hukujua? Tafadhali nijibu upesi, harusi isije ikatangulia jibu lako.

Nakupenda hata katika shaka hii,
Dada yako.