Ndege Ikichelewa, Nani Asimame na Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kibarazani na miwani yako, na lile goti la kushoto liwe limekupa nafasi ya kupumua. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Norway imelegea, na kiwandani bado tunapasua samaki wakubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Samaki nakula kila siku, lakini usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, sijauonja mwaka wa tatu sasa. Ule wa kukaangwa mpaka unalia mdomoni, na ugali wa muhogo. Juzi nilimsimulia mwenzangu wa kazini, akaniuliza kama tunautoa mifupa kwanza. Nilimhurumia.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako ni ya ukoo mzima. Nikisema neno moja, shangazi ameshalijibu. Haya nataka uyasome wewe kwanza, ndiyo maana nimempa mtawa mmoja wa Songea aliyekuwa masomoni huku akuletee.

Tangu mdogo wangu Alois aniambie kwamba askofu amepanga siku ya kumpa upadre pale Mbinga, sina kazi nyingine ila kuhesabu ndege. Ni nne, mama. Ya kwanza inaogopa ukungu wa bahari ya huku, ya mwisho inaogopa mawingu ya Songea, na ya mwezi wa saba unayajua. Katikati kuna mbili ambazo huchelewa kwa sababu zao wenyewe. Ule msemo wa kawia ufike haukutungwa kwa ajili ya misa ya askofu. Yeye akishaingia kanisani, hasubiri mtu wa Norway. Na baba hatunaye, kwa hiyo mimi mzaliwa wa kwanza ndiye wa kusimama kando yako wakati wa kumtoa mtoto kwa askofu.

Basi nimejiandaa kama ulivyokuwa ukituandaa kwa meli. Unakumbuka? Tukienda Kyela kwa bibi, wenzetu walibeba nguo na tiketi. Wewe ulibeba mkeka, sufuria, unga na chumvi, tukashuka ufukweni kama watu waliohama. Nilikuwa naona aibu, nakaa mbali na sufuria lisionekane ni letu. Karani alisema meli inakuja saa nne, na watu wote wakamwamini. Wewe ulikwenda kwanza kuangalia karai la mama Zena, yule muuza maandazi. Akiwa amekanda unga kidogo, dalili kwamba hategemei abiria wa meli, unarudi na kutandika mkeka. "Leo tunalala hapa," unasema. "Karani halipi chochote akikosea. Huyu, unga ni wake na mafuta ni yake, hawezi kujidanganya." Hata siku moja hukukosea. Jioni wale waliokuwa wakitucheka walikuja kuomba chumvi, na wewe ukawapa na ugali juu.

Nami siku hizi sisomi ubao wa uwanja wa ndege. Naangalia wafanyakazi. Nikiona mhudumu wa mlangoni anakwepa macho ya abiria, na mwenzake anasukuma katoni za maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeyaomba, nalegeza kamba za viatu. Mara ya mwisho nilikaa saa saba, lakini nilikuwa na mikate yangu na blanketi, na bibi mmoja wa Kizungu tukagawana. Nilitamani umwone anavyotafuna huku anatukana shirika la ndege.

Safari hii nitaondoka siku tano kabla. Suti na viatu vya misa nitabeba mkononi, visije vikaenda nchi yao. Songea ikifunga kwa mawingu, sitakaa Dar kubembeleza anga, nitapanda basi siku hiyohiyo. Na wewe usije uwanjani Songea kunisubiri. Toka Lituhi mapema, maana barabara ile ina malori ya makaa ya mawe ya Ngaka, nayo yana ratiba yake. Kaa kwa dada Gaudensia kule Mkumbi, karibu na Mbinga, ule ndizi zake, uwaambie wachuma kahawa jinsi wanavyokosea.

Nilidhani nimemaliza. Nikampigia Alois nikamsomea mpango wote kwa majivuno. Akaniuliza, "Kaka, ukikwama, nani anasimama na mama?"

"Nitafika."

"Hujanijibu."

Mama, sikumjibu kwa sababu sote watatu tunalijua jibu. Ni baba mdogo Desderi.

Sijawahi kukuambia jinsi nilivyojisikia siku ya kumzika baba. Miaka sita iliyopita baba alipofariki, nililala usiku mbili kwenye viti vya uwanja nchi ya watu, ndege imeharibika. Nilipofika Dar, ndege ya Songea ikaondoka, ikazunguka juu ya mawingu, ikarudi nasi Dar. Nikapiga simu. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, tumekusubiri mpaka hapa. Joto la ziwani unalijua. Leo tunamzika kaka yangu." Nilimwambia maneno ambayo siyarudii. Kesho yake niliposhuka kwenye gari, yeye ndiye aliyetoka kuja kunipokea begi. Nilimpita. Mtu mzima, ndugu wa baba yangu, macho mekundu kwa kulia, nikampita bila shikamoo mbele ya waombolezaji wote. Najua uliona. Miaka sita umekaa katikati yetu na hujasema kitu.

Sasa nimekaa hapa na tiketi nne, najifunza kupanga nani aamue jambo nisipofika, na nimeona kwamba siku ile kuna mtu alilazimika kuamua. Kila saa niliyochelewa, yeye alikuwa amekaa karibu na maiti ya kaka yake. Nilimwadhibu kwa kosa la ndege. Naona aibu, mama. Inauma kuandika, lakini nimeandika.

Kwa hiyo nenda kwake, umwombe asimame nawe. Usimwambie ni wa akiba. Hata nikiwahi, mahali pa baba ni pake, mimi nitakaa benchi la nyuma yenu na suti yangu. Alois nimeshamwambia. Alicheka, kisha nikasikia anafuta kamasi.

Nisalimie dada Gaudensia na shemeji yangu mkulima. Shangazi mwambie namtania tu, simu aendelee kujibu. Katekista wetu wa zamani, aliyenifundisha kusoma kwa kiboko, mpe shikamoo yangu.

Baba mdogo usimpe salamu zozote kutoka kwangu. Shikamoo niliyomnyima nataka aisikie kwa mdomo wangu. Nikichelewa, misa iendelee, watu wale, wacheze. Hiyo moja tu ndiyo naomba inisubiri.

Ni mimi mwanao,
Betram