Skrini ya Tatu ya Marehemu Shukri

Rabab! Shoga, nimeumbuka!

Si nimepewa kompyuta ya marehemu Shukri hapa ofisini? Nikachomeka skrini zangu mbili, yenyewe ikasema ziko tatu. Tatu! Kishale cha kipanya kikawa kinapotelea kushoto, upande wa kiti chake kitupu. Na leo ndiyo arobaini yake!

Nikaandika kwa herufi kubwa, "Shukri, ni wewe?" Nikayaburuta maandishi hukohuko kushoto.

Mara Mzee Baher wa kahawa huyo, mbio: "Binti, umefanya nini? Skrini ya tatu ni ile ya ukutani, chumba cha mikutano! Shukri alikuwa anaitumia, na kompyuta yake bado imeunganishwa nayo. Mjane wake yumo, kafuata vitu vyake!"

Mjane akatokea mlangoni. Hakunifokea, Rabab. Akaniuliza polepole, "Amejibu?"